Kuchelewa na Kukatika kwa Sauti katika Kompyuta za Linux: Uchunguzi wa Hitilafu kwa Mtafiti wa Fonetiki

1.0 Utangulizi

Maabara nyingi za fonetiki zimekwisha kuachana na mashine za kanda, na kazi ya kurekodi, kuchezesha na kuchambua matamshi imehamia kwenye kompyuta. Mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, unawavutia watafiti kwa kuwa hautozi ada ya leseni na unamruhusu mtumiaji kuubadilisha hadi katika kiini chake. Hata hivyo, watumiaji wake hukumbana mara kwa mara na tatizo moja: sauti inakatika, au inatoa mlio mfupi wa "tik", ijapokuwa kompyuta ni mpya na ina nguvu za kutosha.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha tatizo hilo na utaratibu wa kulichunguza. Hoja kuu ni kwamba utendaji wa sauti katika wakati halisi si suala la kasi ya mashine bali ni suala la kutochelewa. Na kwamba mtafiti asiyetambua tofauti hiyo anaweza kununua mashine ghali zaidi huku data yake ikiendelea kuharibika bila yeye kujua.

2.0 Dhana ya Wakati Halisi

Kifaa cha sauti hakishughulikii sampuli mojamoja. Hukusanya sampuli katika mafungu, kisha huitaka prosesa ilishughulikie kila fungu kabla ya lijalo kufika. Iwapo kiwango ni sampuli 48,000 kwa sekunde, na kila fungu lina sampuli 128, prosesa hupewa mafungu 375 kwa sekunde, yaani muda wa milisekunde 2.67 kwa kila fungu.

Tuchukulie kwamba kazi hiyo kwa kawaida humalizika kwa milisekunde 1, lakini mara moja katika kila mafungu 10,000 huchukua milisekunde 8. Wastani wake utabaki mzuri mno. Pamoja na hayo, fungu moja litachelewa takriban kila baada ya sekunde 27, na katika mahojiano ya nusu saa kutakuwa na mikatiko zaidi ya 60. Mfano huu unadhihirisha kwamba wastani hauna maana hapa. Kipimo kinachofaa ni ucheleweshaji mkubwa kuliko wote unaoweza kutokea.

Fungu likichelewa, programu za sauti za Linux hurekodi tukio linaloandikwa kwenye skrini kwa neno xrun. Neno hilo hujumuisha hali mbili. Wakati wa kurekodi, sampuli mpya hufika kabla ya zile za awali kuchukuliwa, na baadhi hupotea. Wakati wa kuchezesha, kifaa huhitaji sampuli ambazo bado hazijaandaliwa, na sauti hukatika.

3.0 Athari kwa Data ya Kifonetiki

Kwa msikilizaji wa muziki, mkatiko wa milisekunde chache ni kero tu. Kwa mwanafonetiki, mkatiko huo unaweza kugeuka kuwa ushahidi wa uongo. Hali tatu zinastahili kutajwa.

Kwanza, sampuli zikipotea na ncha mbili za sauti zikaunganishwa, muda wa kitamkwa hupungua. Pili, programu ikijaza pengo kwa ukimya, ukimya huo unaweza kufanana na mfungo wa kipasuo. Tatu, mahali ambapo ncha mbili zisizolingana zimekutana hutokea mlio mfupi ambao katika spektogramu huonekana kama mstari wima, mithili ya mpasuko unaotokea kipasuo kinapoachiwa.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri katika lahaja za Kiswahili za pwani ya kaskazini, kama vile Kimvita na Kiamu, ambamo vipasuo vyenye mpumuo hutofautisha maana. Neno paa lenye maana ya sehemu ya juu ya nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Othografia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, hivyo mtafiti hana budi kuitegemea rekodi yenyewe. Muda wa mpumuo hupimwa kwa makumi ya milisekunde, na fungu moja la sampuli 1,024 lililopotea ni sawa na milisekunde 21.3. Fungu hilo likipotea ndani ya mpumuo, sehemu kubwa ya kile kinachopimwa huondoka nalo.

4.0 Ukubwa wa Bafa na Mahitaji ya Utafiti

Akiba ya mafungu yanayosubiri kuchezeshwa huitwa bafa. Muda wake hupatikana kwa kuzidisha idadi ya sampuli za fungu kwa idadi ya mafungu, kisha kugawanya kwa kiwango cha sampuli kwa sekunde. Kwa kiwango cha 48,000 na mafungu 2, matokeo ni haya:

Sampuli 64: milisekunde 2.7
Sampuli 128: milisekunde 5.3
Sampuli 256: milisekunde 10.7
Sampuli 1,024: milisekunde 42.7

Safari nzima ya sauti kutoka maikrofoni hadi hedifoni ni ndefu zaidi, kwa kuwa huongezewa muda wa kupokea sauti na muda wa vigeuzi vya kifaa. Kwa hiyo inafaa ipimwe badala ya kukadiriwa. Programu ya jack_iodelay hufanya kazi hiyo endapo tundu la kutolea sauti litaunganishwa kwa waya na tundu la kupokelea.

Bafa kubwa huipa prosesa nafasi ya kuchelewa bila madhara. Bafa ndogo huinyima. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mtafiti halipaswi kuwa namna ya kupunguza bafa, bali kama kuna haja yoyote ya kuipunguza. Anayerekodi masimulizi au orodha ya maneno kwa ajili ya uchambuzi wa baadaye hahitaji wakati halisi hata kidogo. Anaweza kuweka bafa kubwa, na aghalabu tatizo litakwisha hapo hapo.

Haja ya kweli hutokea pale ambapo msemaji anarudishiwa sauti yake mwenyewe anapozungumza. Mwaka 1950, Bernard S. Lee alieleza jinsi sauti inayorudi kwa kuchelewa inavyomvuruga msemaji, na uvurugaji huo huwa mkubwa zaidi ucheleweshaji unapokaribia milisekunde 200. Mwaka 1998, John Houde na Michael Jordan walichapisha majaribio ambamo fomanti za irabu zilibadilishwa kabla ya kumrudia msemaji, naye akarekebisha matamshi yake kufidia badiliko hilo. Katika majaribio ya namna hii ucheleweshaji usiodhibitiwa ni kigeu kinachoingia katika utafiti bila kualikwa.

5.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Mwanafonolojia anapokutana na sauti asiyoitarajia huuliza kwanza inatokea katika mazingira gani. Utaratibu huo huo unafaa hapa. Hitilafu inayotokea kila baada ya muda ule ule huashiria kazi iliyopangwa, kama vile usasishaji wa programu au uorodheshaji wa mafaili. Hitilafu inayotokea mtandao usiotumia waya unapowashwa huashiria kifaa cha mtandao. Aidha, kama ilivyo katika jozi za mlinganuo finyu, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, na mzigo wa kazi ubaki ule ule.

5.1 Kuthibitisha kwamba tatizo ni la muda

Si kila mlio usiotakiwa ni xrun. Maikrofoni iliyofunguliwa kupita kiasi, waya mbovu, au vifaa viwili vya kidijitali visivyofuata saa moja, huweza kuleta milio inayofanana. Mtafiti alinganishe wakati wa mlio na hesabu ya xrun. Katika mfumo wa JACK, hesabu hiyo huonekana katika programu ya QjackCtl. Katika PipeWire, ambao tangu mwaka 2021 ulianza kuwa mfumo wa kawaida wa sauti katika toleo la Fedora 34, huonekana kwenye safu ya ERR ya programu ya pw-top. Mlio ukisikika na hesabu isiongezeke, chanzo kitafutwe kwingine.

5.2 Ruhusa za mtumiaji

Kazi za kawaida katika Linux hugawana prosesa kwa zamu. Kazi ya sauti inahitaji utaratibu mwingine, uitwao SCHED_FIFO, ambao una ngazi za kipaumbele kuanzia 1 hadi 99 na huitanguliza kazi hiyo mbele ya zote za kawaida. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuuomba bila idhini. Idhini huwekwa katika faili lililomo ndani ya saraka ya /etc/security/limits.d, kwa mistari ya rtprio na memlock, na mara nyingi hupewa kundi la watumiaji liitwalo audio. Mstari wa pili huruhusu kumbukumbu ya programu ya sauti ifungwe isihamishiwe kwenye diski, kwa maana kuisubiri diski kunatosha kuleta mkatiko. Ikumbukwe kwamba mtumiaji aliyeongezwa kwenye kundi hana budi kutoka na kuingia upya ndipo idhini ianze kufanya kazi. Kusahau jambo hili dogo huwafanya wengi wadhani kwamba hatua yenyewe haifai.

5.3 Uokoaji wa nishati

Prosesa za kisasa hupunguza kasi na hata kulala usingizi mfupi zinapokosa kazi. Kuamka kwake huchukua muda. Hapa kuna kinaya: kompyuta isiyo na mzigo inaweza kukatiza sauti kuliko yenye mzigo wa wastani. Kuiweka prosesa katika hali ya performance kwa kipindi cha jaribio kutasaidia kuonyesha kama chanzo ni kupungua kwa kasi.

5.4 Vikatizo

Kikatizo ni ishara ambayo kifaa huituma kuitaka prosesa iache inachofanya na kukihudumia. Faili la /proc/interrupts huonyesha ni vifaa vipi vinavyotumia vikatizo vipi. Kifaa cha sauti kikishirikiana na kifaa kingine chenye shughuli nyingi, kukihamishia kwenye tundu jingine la USB kunaweza kutosha. Vilevile, kompyuta ikiwashwa kwa agizo la threadirqs, sehemu kubwa ya huduma ya vikatizo hufanywa kama kazi zinazoweza kupangiwa vipaumbele, na kifaa cha sauti kikawekwa mbele.

5.5 Kerneli

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo ina vipindi ambavyo haikubali kukatizwa. Kwa takriban miaka ishirini, wataalamu wakiwemo Thomas Gleixner na Ingo Molnar walikuza marekebisho yaitwayo PREEMPT_RT ili kuvifupisha vipindi hivyo. Mwaka 2024 sehemu ya mwisho iliyohitajika iliingizwa katika kerneli rasmi, toleo la 6.12. Hata hivyo, hatua hii iwe ya mwisho. Kerneli ya wakati halisi haiwezi kumsaidia mtumiaji asiye na ruhusa zilizotajwa katika 5.2, wala haiwezi kuzuia shughuli za programu ya msingi iliyomo katika ubao wa mashine, ambayo hufanya kazi chini ya kerneli.

Faida ya kila hatua ipimwe kwa programu ya cyclictest, iendeshwe kwa muda mrefu na mashine ikiwa na mzigo. Tarakimu ya kuzingatiwa ni ile ya juu kabisa, si ya wastani, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa katika sehemu ya 2.0.

5.6 Uhakiki wa mwisho

Kabla ya kumwita msemaji, toni moja isiyobadilika ichezeshwe na kurekodiwa kupitia waya kwa muda unaolingana na kipindi kizima cha jaribio. Rekodi hiyo ikifunguliwa katika programu kama Praat, ya Paul Boersma na David Weenink, mkatiko wowote utajitokeza kama mstari wima katika toni iliyopaswa kuwa laini. Pasipo mistari, mashine inaweza kuaminiwa kwa mzigo huo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukatika kwa sauti katika Linux hakutokani na udhaifu wa mashine pekee, bali na kazi moja kuchelewa kwa sababu inayoweza kutafutwa na kupatikana. Yameonyesha pia kwamba mara nyingi mtafiti hahitaji bafa ndogo, na kwamba anayeihitaji aanze na hatua nyepesi kabla ya kubadilisha kerneli.

Linalobaki ni suala la maadili ya utafiti. Tasnifu za fonetiki hutaja aina ya maikrofoni na kiwango cha sampuli, lakini ni nadra kutaja ukubwa wa bafa na idadi ya xrun zilizotokea. Inapendekezwa kwamba mambo hayo mawili yaingizwe katika sura ya mbinu za utafiti, na kwamba matamshi yaliyo karibu na mkatiko yaondolewe katika vipimo vya muda. Msomaji wa tasnifu hawezi kuusikia mkatiko uliotokea maabarani. Anachoweza kukiona ni tarakimu tu, na tarakimu hazimwambii kama mpumuo uliofupishwa ulifupishwa na ulimi wa msemaji au na kompyuta iliyochelewa.