Figo ya Plastiki Kabla ya Figo ya Baba

Novemba 2015, jijini London, madaktari wa upandikizaji wa hospitali za Guy's na St Thomas' walikuwa na swali zito: figo ya mwanamume mzima itaenea kweli ndani ya tumbo la binti yake mdogo? Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi huunganishwa na aota yenyewe, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na mshipa mkuu unaoirudisha. Ikibanwa wakati tumbo linafungwa, damu haiifikii, na zawadi ya baba inafia humo humo.

Dk. Pankaj Chandak na wenzake walichukua picha za CT na MRI za baba na mtoto, wakachapisha kwa printa ya 3D figo ya mmoja na tumbo la mwingine. Waliishika figo ile, wakaipima nafasi yake, mtoto akiwa bado hajapewa dawa ya usingizi. Ile ya kweli ilipandikizwa salama.

Wengi huisifu printa. Mimi namsifu anayekaa mbele ya kompyuta kabla printa haijawashwa. CT humgawa mgonjwa kwa picha mfano wa mkate wa slesi, na kila nukta ya picha hupewa namba: maji 0, hewa -1000, mfupa mamia kwenda juu. Mfupa basi hausumbui. Kompyuta huambiwa ichague namba kubwa. Lakini ini, misuli na utumbo namba zao zinakaribiana, vyote kijivu. Hapo mtu huchora mpaka wa kiungo kwa mkono wake, picha baada ya picha, na akikosea, kosa linachapishwa kama lilivyo.

Hata mfupa una mitego. Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba mno, na chini yake kuna hewa. Katika picha viwili hivyo huchanganyika, namba ya mfupa ikashuka, kompyuta ikauruka. Mfano unatoka na tobo ambalo mgonjwa hana! Ndiyo maana daktari hapaswi kuziweka kando picha za awali hata akiwa na mfano mkononi.

Kwa hospitali zetu naona faida ya haraka kwenye taya. Ameloblastoma, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani lakini hula mfupa, si mgeni Tanzania. Taya likikatwa, pengo hushikiliwa na bamba la titani. Daktari hulikunja, akalijaribu, akalitoa, akalikunja tena, kidonda kikiwa wazi. Akiwa na taya la plastiki, kazi hiyo huimaliza mezani siku za kabla, bamba likaingia chumba cha upasuaji limeshatakaswa na limeshapata umbo. Uvimbe ukiwa umeharibu upande mmoja, kompyuta huugeuza ule usiougua, kama kwenye kioo, ukawa kiolezo cha ule mbovu. Programu ya 3D Slicer, inayofanya kazi hiyo, ni ya bure.

Lakini yote haya hutegemea picha za CT: zikiwa nene, milimita 5 kila moja, mishipa midogo na kingo za mfupa hupotea. Daktari anayempeleka mgonjwa CT kwa kazi hii aandike kwenye fomu kwamba anataka picha zisizozidi unene wa milimita 1, zihifadhiwe zote kwenye CD. Filamu ya kutundika kwenye taa haichapishiki.