Kipimo Kisibadilishwe Safarini

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huzuka upya majumbani na maofisini: je, vijana wa leo wanaingia Chuo Kikuu kwa sifa zinazostahili, au mlango umelegezwa? Wazee waliosoma zamani hudai kwamba wakati wao mlango ulikuwa mwembamba, na aliyepita alikuwa msomi hasa. Vijana nao hujibu kwamba wazee walikuwa wachache na kazi ziliwangoja. Mabishano haya hayaishi kwa sababu kila upande unadhani mlango ni mmoja, ilhali kila kizazi kimepita katika mlango wake.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu, na mfano ulio wazi unapatikana katika Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Mbeya. Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba habari za milimani hazimhusu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na mtihani wa kidato cha sita anaoufanya kijana wa Chake Chake ndio uleule anaoufanya kijana wa Tukuyu.

Kabla ya mwaka 1961 kijana wa Iringa au Mbeya, kama mwenziwe wa Visiwani, hakuwa na Chuo Kikuu nchini mwake. Aliyejaliwa alikwenda Makerere, Uganda. Mlango huo ulikuwa mwembamba kweli, lakini wembamba wake haukutokana na ugumu wa mtihani peke yake. Serikali ya kikoloni ilifungua Shule ya Malangali mwishoni mwa miaka ya 1920, na wamisionari walikuwa na shule yao Tosamaganga. Lakini kwa nchi pana namna ile, shule za aina hiyo zilihesabika kwa vidole. Mjini Iringa penyewe ilijengwa shule nzuri ya St. Michael's and St. George's, nayo ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Maelfu ya watoto wetu walichujwa hata kabla ya kuuona mtihani. Anayelisifu chujio hilo kwa ukali wake akumbuke kwamba halikupima akili za waliobaki nje.

Mwezi Oktoba 1961, chuo chetu wenyewe kilianza Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Taifa. Katika miaka hiyo aliyefaulu vizuri kidato cha sita alikuwa na tumaini la kuendelea moja kwa moja.

Ndipo likaja Azimio la Musoma. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende tena moja kwa moja Chuo Kikuu. Alitakiwa kwanza kulitumikia Taifa mwaka mmoja katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, na apendekezwe na mwajiri wake pamoja na tawi la Chama. Alama za mtihani hazikufutwa, bali ziliongezewa kipimo cha utumishi na mwenendo. Nia ilikuwa njema: nchi maskini haikutaka kusomesha watu ambao wangejitenga na wakulima na wafanyakazi waliowasomesha.

Hata hivyo nia njema haikuzuia hasara. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka, kwa kuwa msichana aliyekwisha kuanza kazi na kushika majukumu ya nyumbani hakurudi masomoni kwa wepesi. Mwaka 1976 ilibidi wanawake wasamehewe sharti la kufanya kazi kwanza, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukaachwa. Walionaswa katikati ya mabadiliko hayo hawakuwa wajinga wala wavivu. Walianza safari kwa kipimo kimoja, wakapimwa kwa kingine.

Leo mlango umesogea hadi nyumbani. Ile shule ya watoto wa Kizungu ya Iringa ikawa Shule ya Sekondari Mkwawa, na mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Kanisa la Kilutheri lilianzisha miaka ya 1990 kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa. Mbeya, chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986 kimepanda hatua kwa hatua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Visiwani nako, sheria ya mwaka 1999 ilianzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Je, huku ni kulegeza? Sharti la chini kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, yaani D mbili, au C na E. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake ataona ni chache. Lakini sharti la chini ni kizingiti tu. Anayeomba udaktari hushindana na wenye alama za juu zaidi. Kuongezeka kwa nafasi si dhambi. Tungekuwa wanafiki kulilaani chujio la mkoloni na wakati huohuo kulilia lirudi.

Kasoro iko kwingine. Mwaka 2014 madaraja ya ufaulu yalibadilishwa, na mwaka 2016 mfumo wa zamani ukarudishwa. Matokeo yake ni kwamba kwa waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015, C ilihesabiwa pointi mbili, wakati kwa waliowatangulia na waliowafuata C hiyo hiyo ni pointi tatu. Mwaka huohuo wa 2016, vijana zaidi ya elfu saba waliokuwa wakisomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao. Baadaye waliothibitika kuwa na sifa walipangiwa kuendelea, wengi wao katika vyuo vya ualimu. Wapo waliowacheka vijana hao. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Hawakujipenyeza dirishani, waliitwa mlangoni na mpango wa Serikali yenyewe, kwa sababu shule zilikosa walimu wa sayansi.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana mambo mawili. La kwanza, kijana anayeanza kidato cha tano aambiwe siku hiyo sifa zitakazompeleka Chuo Kikuu, na sifa hizo zisiguswe mpaka amalize. Likionekana la kurekebisha, lirekebishwe kwa wanaokuja, si kwa walio njiani. La pili, anayetaka kuinua kizingiti aanzie darasani. Mkwawa na Chuo Kikuu cha Zanzibar huandaa walimu. Mwalimu dhaifu anayepitishwa leo ndiye atakayefundisha darasa litakalokataliwa kesho. Shule ya Mbarali, Mufindi au Micheweni isiyo na mwalimu wa hesabu haiwezi kuponywa kwa kuongeza pointi kwenye mwongozo.

Mfanyabiashara mwaminifu anaweza kuuza kwa pishi au kwa kibaba, na mnunuzi asinung'unike. Asichoweza kufanya ni kubadili kipimo wakati nafaka imekwisha kumiminwa. Taifa nalo halina budi kuwatendea watoto wake uaminifu kama huo.