Kurudi ku mbio kisha miaka 20: kifua kwanza, viatu nyuma

Mu kampi zetu, papa wa miaka 45 akikimbia barabarani asubuhi, watoto wanamuuliza: «Papa, nani eko anakufwata?» Wamama wanaotoka sokoni wanasimama, maana wanafikiri kumetokea jambo ku mugodi. Tumekwisha kuzoea. Tuko watu 12: wa mashini za kutoboa mawe, wa usine, wawili wa umeme, na mama mmoja wa laboratwari anayetuacha wote nyuma. Wengi wetu tulishindana tukiwa vijana, mbio za shule na za kompanyi ya wababa wetu, mita 5,000 na 10,000. Halafu ikaja 2003, wababa wakatoka na ile «départ volontaire», ekipe zikakufa, na sisi tukashika pelle. Sasa tunarudi. Si kwa kupunguza tumbo tu. Tunataka kushindana, namba kifuani, saa mkononi.

Kwa hiyo swali linalotufikia kila juma ku ofisi ya sendika ni hili: mwili uliokaa miaka 20 bila mbio, unaweza kurudi kweli? Tunajibu ndiyo. Lakini kwa mchimbaji kuna jambo moja ambalo wakimbiaji wa Ulaya hawalijui sana, kwa sababu wao hawali vumbi. Tutalifikia.

Kwanza tuseme habari ya Ed Whitlock, maana alikuwa mtu wa kazi yetu, au karibu. Alizaliwa London mwaka 1931, akakimbia vizuri sana akiwa mwanafunzi, akasomea uenjinia wa migodi, kisha akahamia Canada kufanya kazi hiyo. Mbio akaziacha miaka mingi. Alirudi akiwa amepita miaka 40. Akiwa na miaka 48 alikimbia marathoni, kilomita 42 na kitu, kwa saa 2 na dakika 31. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, akamaliza marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10: mtu wa kwanza duniani aliyepita miaka 70 kushuka chini ya saa 3. Mwaka uliofuata akashusha tena hadi 2:54. Mwaka 2016, na miaka 85, alikimbia chini ya saa 4. Alikufa Machi 2017. Na mazoezi yake? Alikuwa akizunguka mu makaburi karibu na nyumba yake, polepole, siku zingine hadi saa 3. Hakuwa na mwalimu wala dawa ya ajabu.

Tulipoisoma habari hii ku mukutano, mwenzetu mmoja akasema: «Ule njo enjinia, hakushika mashini ya kutoboa.» Ana haki. Enjinia analala usiku, na juma inapoisha anapumzika. Basi tukamtajia Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikimbia Olimpiki ya Melbourne 1956, mita 800 na 1,500. Roma 1960 hakuonekana. Akarudi Tokyo 1964 ku mita 10,000, akawa wa nne. Mexico 1968 akashinda marathoni na miaka 36, na Munich 1972 akachukua shaba na miaka 40. Yule naye hakuwa na maisha laini.

Madokta nao walijaribu kupima jambo hili. Mwaka 1966, kule Dallas, Marekani, walichukua vijana 5 wa miaka 20, wakawalaza kitandani juma 3, halafu wakawapa mazoezi makali. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1996 wakawaita wale wale 5, sasa wapapa wa miaka 50. Kwa wastani walikuwa wametoka kilo 77 wakafika kilo 100. Mshangao ni huu: pumzi yao ilikuwa imeshuka, lakini miaka 30 ya uzee iliwashusha kidogo kuliko zile juma 3 za kitanda! Kisha wakawapa miezi 6 ya kutembea, kukimbia polepole na baiskeli, wakiongeza kidogo kidogo hadi karibu saa 4 na nusu kwa juma. Kwa wastani pumzi ikarudi pale ilipokuwa 1966 kabla ya kulazwa. Ule urefu waliofika kisha mazoezi makali ya ujana, hakuna aliyeufikia tena. Watu 5 ni wachache, tunajua, sendika haiwezi kugoma na watu 5. Hata hivyo habari yenyewe inatia moyo.

Hatari ni kwamba viungo vyote havirudi kwa mwendo mmoja. Moyo na pumzi vinaanza kuamka kisha juma chache. Mifupa, na ile kamba ngumu ya nyuma ya kisigino, inadai miezi. Ndiyo maana ku juma ya tano au ya sita muntu anajisikia kijana, anafukuza watoto wa miaka 20, na kesho yake hawezi kushuka ngazi. Makanika wetu alifanya hivyo, akakaa miezi miwili akitutazama. Sasa sheria yetu ni moja: mwezi wa kwanza kutembea na kukimbia kwa zamu, mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika sauti. Na kisha kazi ya usiku hakuna mbio za nguvu. Unakula bukari yako, unalala. Aliyetoka usiku mzima mu galeri hana deni na mtu.

Sasa vumbi.

Tunapotoboa jiwe, tunapolipua, ku mashini ya kusaga mawe, kuna vumbi laini sana la silika ambalo macho hayalioni. Linashuka hadi chini kabisa ya mapafu, linaacha makovu, na mapafu yanakuwa magumu. Huo ugonjwa unaitwa silikozi. Hakuna dawa inayofuta makovu hayo. Unaweza kutokea kisha miaka mingi, unaweza kuendelea hata kama umekwisha kuacha mugodi, na unafungulia mlango kifua kikuu. Na alama yake ya kwanza ni ipi? Kukosa pumzi ukipanda kilima. Ile ile anayoisikia kila mtu aliyekaa miaka 20 bila mbio! Mchimbaji anasema «ni uzee», anakaza meno, anaongeza mwendo.

Tofauti inaonekana na wakati. Pumzi ya uvivu inapungua juma kwa juma. Kama umekimbia kwa utaratibu miezi miwili na kilima kile kile bado kinakusimamisha, au kikohozi hakitoki, usinunue viatu vipya, nenda upigwe picha ya kifua na upulize mu mashini ya kupima pumzi. Na aliye na maumivu ya kifua wakati wa kukimbia asimame palepale, amwone dokta siku hiyohiyo. Lakini sisi tunasema vizuri zaidi ni kupimwa kabla ya hatua ya kwanza.

Wenzetu wengi hawataki. Hawaogopi sindano, wanaogopa karatasi. «Wakiona kifua yangu mubaya, kesho niko inje ya kazi.» Woga huo hauna ujinga ndani yake, tumeona mambo kama hayo. Kwa hiyo madai yetu ya mwaka huu ni ya kifua kabla ya kuwa ya michezo: kila mfanyakazi wa vumbi apimwe kila mwaka, apewe mkononi nakala ya matokeo yake, na akionekana na alama atolewe ku vumbi bila mshahara wake kuguswa. Watoto wake hawana haja ya papa shujaa asiye na kazi.

Mu watu 12 wetu, mmoja alipimwa na picha ikaonyesha makovu. Alikuwa wa mbio kuliko wote tukiwa vijana, na ametoboa mawe miaka 17. Sasa anatembea tu, kama dokta alivyomwambia, na siku ya mazoezi njo yeye anashika saa na kuandika namba za kila mmoja mu kayé. Dosie yake iko ku meza ya kompanyi tangu miezi mitatu. Tumekwisha kuandika barua mbili, ya tatu inakwenda juma hii na sahihi zetu zote.

Ku mbio za 1 Mei tumeomba wapapa na wamama wasichanganywe na vijana: wa miaka 35 kwenda juu wapangwe kwa miaka mitano mitano, 35, 40, 45, kama inavyofanyika ku mashindano ya dunia ya wazee. Kamati imekubali ku 10,000, bado inabishana juu ya 5,000. Anayetaka kujiandikisha apite ku ofisi ya sendika, jioni, na karatasi ya picha ya kifua. Asiye nayo apite pia, tutamwandikia ombi kwa dokta palepale.