Je, Wajua? Jinamizi Linapokukaba Alfajiri

Je, wajua kwamba kila usiku unapolala mwili wako hupoozwa kwa makusudi, na kwamba ungekuwa hatarini kama usingepoozwa?

Mtu mzima akishalala kwa takribani dakika 90, huingia katika usingizi wa ndoto. Macho huanza kukimbia huku na huko chini ya kope na ubongo huchangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho, lakini mikono, miguu na shingo hulegea kabisa. Shina la ubongo hupeleka amri kwenye uti wa mgongo, na neva zinazoamrisha misuli hunyamazishwa. Husazwa misuli ya macho, pamoja na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaotuvutia pumzi. Hali hii hurudi mara nne au tano kwa usiku, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo inavyokaa zaidi.

Sayansi haikuujua usingizi huu hadi mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoutangaza. Miongoni mwa watu wa mwanzo kulazwa na nyaya kichwani ni mtoto mdogo Armond, mwana wa Aserinsky mwenyewe. Kisha Michel Jouvet, kule Lyon, Ufaransa, akaharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka, ile inayoamrisha misuli ilegee. Paka wale walipoota, waliinuka huku wamelala, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwepo. Mwaka 1986, madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, walieleza habari za wagonjwa wa namna hiyohiyo, wengi wao wanaume wa makamo na wazee, ambao walikuwa wakirusha ngumi na kuruka kutoka kitandani wakipambana na adui wa ndotoni. Wake zao walijua thamani ya kupooza usingizini kabla ya daktari yeyote.

Jinamizi, basi, ni fahamu kuamka kabla kufuli hiyo ya misuli haijafunguliwa. Unasikia jogoo, unaona neti na dari, unamsikia mwenzako anavyokoroma pembeni, lakini huwezi kuinua hata kidole. Sauti haitoki. Kwa kawaida huchukua sekunde chache hadi dakika chache, ingawa aliyekabwa ataapa kwamba ni nusu saa. Wengine hukabwa wakati wa kuzama usingizini badala ya wakati wa kuzinduka.

Na uzito wa kifuani? Katika usingizi wa ndoto pumzi ni fupifupi na hazilingani, na misuli ya kati ya mbavu imelegea kama mingine. Mtu akishtuka hutaka kuvuta pumzi ndefu, mbavu zisitii, naye akadhani kuna aliyemkalia. Hewa inaingia muda wote. Wasichokijua wengi ni kwamba hawajawahi kukosa pumzi hata mara moja, wamekosa tu uwezo wa kuiongoza.

Kuhusu yule mtu ambaye wengi humwona amesimama mlangoni, ni kwamba ndoto haijakatika. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ipo kazini, macho yako wazi, na picha za ndoto zinamwagika juu ya chumba halisi. Allan Cheyne wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alikusanya simulizi za watu wengi, na mwaka 1999 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba zinaangukia katika mafungu matatu. La kwanza ni mgeni: hatua za miguu, kivuli, hisia kwamba kuna mtu chumbani. La pili ni mkabaji: uzito, kukosa pumzi, maumivu, kujiona unakufa. La tatu ni kuelea: kuruka, kuzunguka, kujitazama kutoka darini. Mtu wa Kigoma na mtu wa Toronto wakikaa pamoja, watashangaa jinsi wanavyomfahamu mtu yuleyule.

Kivuli hicho kimewahi kutengenezwa hospitalini, mchana kweupe. Mwaka 2006, Shahar Arzy, Olaf Blanke na wenzao nchini Uswisi walikuwa wakichunguza ubongo wa msichana mwenye kifafa kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme mdogo mahali fulani upande wa kushoto wa ubongo, juu ya sikio kwa nyuma, alihisi kuna mtu nyuma yake. Akilala chali, mtu yule naye amelala chini yake. Akikaa na kukumbatia magoti, mtu yule anamkumbatia, jambo ambalo msichana alisema halipendezi. Umeme ukizimwa, mtu anatoweka. Ubongo ulikuwa umechora mwili wa mwenyewe na kuuweka mahali pasipo pake. Mimi habari hii inanistaajabisha kuliko kisa chochote cha mizimu.

Je, wajua kwamba hauko peke yako? Mwaka 2011, watafiti Brian Sharpless na Jacques Barber walijumlisha tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000. Waliowahi kukabwa angalau mara moja maishani walikuwa asilimia 7.6 ya watu wa kawaida, lakini miongoni mwa wanafunzi walifika asilimia 28.3. Wanaosoma hadi saa nane za usiku wakati wa mitihani hawatauliza kwa nini.

Kila taifa lina mkabaji wake. Wajapani huiita hali hiyo kanashibari, Wathai humwita mkabaji phi am. Katika Oman na nchi za Ghuba ni Jathum, anayeatamia kifua. Brazil wana Pisadeira, ajuza mwenye kucha ndefu anayekaa juu ya paa akimsubiri mtu aliyeshiba sana alale chali, ndipo ashuke kumkanyaga. Sehemu ya chali si hekaya tupu, kwani tafiti zinaonyesha kweli kwamba jinamizi huwapata zaidi waliolala chali. Na shibe hiyo inakumbusha tabibu wa Kiajemi wa karne ya 10, Akhawayni Bukhari, aliyeandika kwamba mkabo wa usiku hutokana na mvuke unaopanda kutoka tumboni hadi ubongoni. Alikosea kuhusu mvuke, lakini angalau alitafuta chanzo ndani ya mwili wa mgonjwa, si nyumbani kwa jirani.

Maana huko kwa jirani ndiko kwenye hatari ya kweli. Mwaka 1692, katika kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, John Louder aliapa mbele ya mahakama kwamba alizinduka usiku wa manane akihisi uzito mkubwa kifuani, na kwa mwanga wa mbalamwezi akamwona Bridget Bishop, au mtu wa sura yake, amemkalia tumboni. Alitaka kujinasua akakosa nguvu, akakabwa shingo. Shahidi mwingine, Richard Coman, alieleza jambo hilohilo, kwamba mama huyo alimlalia kifuani, asiweze kusema wala kutikisika. Soma maelezo hayo leo ukiwa na mafungu ya Cheyne mkononi, hutahitaji mchawi. Bridget Bishop alinyongwa tarehe 10 Juni 1692, wa kwanza kati ya watu 19 walionyongwa katika kesi hizo.

Tusiwacheke Wamarekani wa kale. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, ilhali mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 atapata wapi macho meupe? Mtu akiamka asubuhi na kusema usiku alikabwa na bibi fulani, ametoa ushahidi wa aina ya John Louder.

Zanzibar nayo ina kurasa zake. Mwaka 1995 hofu ya zimwi liitwalo Popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Waathirika walisimulia kuzinduka usiku wakikandamizwa, hawawezi kujitikisa wala kupiga kelele, na wengi walisema wamedhalilishwa kimwili. Watu walihama vyumba, wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeandika kwa kirefu juu ya kadhia hiyo, ameitazama pamoja na joto la kisiasa la mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe. Jinamizi peke yake halielezi kila kitu kilichotokea, lakini mtu anayelala kwa hofu, anayeshtuka kila panya akipita darini, ndiye hasa anayekabwa. Dhana yangu nyingine, na ni yangu tu: hofu ile ilianza katika mwezi wa Ramadhani, wakati usingizi wa watu unakatwa kwa daku. Watafiti wa Kijapani, Tomoka Takeuchi na wenzake, walionyesha mwaka 1992 kwamba kumwamsha mtu katikati ya usiku kisha kumrudisha kulala kunaweza kumletea jinamizi hata katika maabara.

Imani nayo huongeza makali. Watafiti Baland Jalal na Devon Hinton walipolinganisha Misri na Denmark, Wamisri waliokabwa walikuwa na hofu kubwa zaidi ya kufa, na walikabwa kwa muda mrefu zaidi. Hofu humfanya mtu alale vibaya na kuzindukazinduka, naye anayezindukazinduka hukabwa tena, kisha huogopa zaidi.

Sasa ufanyeje likikujia? Usipigane nalo. Kujaribu kuinuka kwa nguvu zote ndiko kunakofanya kifua kizidi kubana, kwa sababu unaamrisha misuli ambayo haijarudishiwa usikivu. Jalal anashauri hatua nne: jikumbushe kwamba hili ni jambo la mwili na litapita, jiambie kwamba kwa kuwa halina madhara, hakuna sababu ya kuogopa, elekeza akili kwenye jambo moja jema, iwe sura ya mtu umpendaye au dua, kisha legeza misuli, usiitikise. Jaribio dogo la mwaka 2020, la watu 10 wenye ugonjwa wa kusinzia ovyo, lilionyesha siku za kukabwa zikipungua kwa karibu nusu kwa waliofuata njia hii. Watu 10 ni wachache mno, ila njia yenyewe haina gharama. Aliyezoea kusoma Ayatul Kursi au Baba Yetu aendelee, maana hapo tayari ana hatua ya tatu. Wengine hufanikiwa kwa kusogeza macho au kuchezesha ncha ya kidole cha mguu.

Kama unalala na mtu, mweleze mapema. Aliyekabwa mara nyingi hutoa mguno mdogo au huhema isivyo kawaida, na kuguswa bega au kuitwa jina humtoa.

Kinga yenyewe haina maajabu. Lala ubavu. Lala na kuamka saa zilezile, hata Jumapili. Mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na dereva wa basi la masafa hawawezi kufuata ushauri huo kikamilifu, nao ndio wanaouhitaji zaidi. Kwao la muhimu ni chumba chenye giza mchana na usingizi usiokatwa vipandevipande. Na kama mama yako au ndugu yako naye hukabwa, usitafute laana ya ukoo: utafiti wa mapacha uliofanywa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi.

Mara moja moja haihitaji dawa. Nenda hospitali ukikabwa kila wiki, ukiwa unaogopa kulala, au ikiwa mambo haya yalianza baada ya ajali, kubakwa, vita au msiba. Nenda pia kama mchana usingizi unakuchukua hata ukiwa unazungumza, au magoti yanalegea unapocheka sana, kwani hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kusinzia ovyo, unaodhibitiwa kwa dawa. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku naye asichelewe. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki mbili saa uliyolala, saa uliyokabwa, ulilala upande gani na kama ulikuwa kwenye zamu. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya sura ya aliyekukaba.