Bwana Msa hana maabara, lakini muuaji anakamatwa

Siku ya bamvua mtu anakwambia kwamba saa kumi jioni alikuwa Paje, yumo baharini anavuna mwani. Anakuapia kabisa. Utamwamini?

Usimwamini. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani pale jua, dunia na mwezi vinapokaa karibu katika mstari mmoja na mvutano wa jua ukaongezeka juu ya ule wa mwezi. Na kwa kuwa siku hizo mwezi ama uko upande mmoja na jua ama upande wa pili kabisa, maji ya bamvua huwa na saa zake ambazo hazihami sana. Hapa Unguja hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Kwa hiyo huyo anayesema alikuwa anavuna mwani saa kumi jioni ya bamvua, kama si muongo basi ni samaki.

Hapo hatukupima damu wala vinasaba. Tumemweka mtu na maneno yake mbele ya jambo la maumbile lisilojua kusema uongo. Na kama umewahi kusoma vitabu vya Bwana Msa, mchezo huu unaujua, hata kama hukuwahi kuuita sayansi.

Kwa wasiomjua: Bwana Msa ni mpelelezi wa kubuni aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mwaka 1918. Anavuta kiko, anazungumza kidogo, na ana rafiki yake Najum ambaye kazi yake kubwa, nionavyo mimi, ni kushangaa kwa niaba yetu. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, kikachapishwa mwaka 1960. Kikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, halafu miaka ya 1970 vikaja kama mvua: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Mfululizo mzima wa riwaya za upelelezi zilizozaliwa Unguja, ulioanza kabla Willy Gamba wa Elvis Musiba hajashika bastola kule bara.

Sasa, jambo ambalo wengi hulipita mbio. Kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti, na kabla ya kuhariri Mkulima, gazeti la kilimo, Abdulla alikuwa bwana afya. Alipomaliza masomo mwaka 1938 alianza kazi katika idara ya afya kama mkaguzi. Fikiria kazi ya bwana afya ni nini. Watu wameugua mtaani, wengine wanasema ni upepo mbaya, wengine ni jicho la fulani. Yeye anaingia uani, anatazama kisima, anatazama choo, anapima kwa macho umbali wa kimoja na kingine, anauliza nani alikunywa wapi na lini. Ni upelelezi huo! Mshukiwa tu ndiye mdogo, haonekani kwa macho.

Si ajabu basi kwamba hata Sherlock Holmes, ambaye Bwana Msa ni kama binamu yake wa mbali, alitungwa na mtu wa afya. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari, na Holmes alimchora kwa kumtazama mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa tu na kumweleza ametoka wapi na anafanya kazi gani. Lakini Holmes ana meza ya kemia chumbani. Bwana Msa hana. Wengine wanasema huu ni upungufu, kwamba riwaya zetu za upelelezi "hazina sayansi". Mimi sikubaliani, na sababu yangu ni ya fizikia.

Chukua kifaa kinachopendwa sana katika filamu: kipimajoto cha kujua mtu amekufa saa ngapi. Mwili hai una joto la kiasi cha digrii 37. Ukifa, unapoa, na vitabu vya Ulaya vina kanuni ya mkato kwamba unapoteza takriban digrii moja kwa saa. Kanuni ya Newton ya kupoa inatueleza kwamba kasi ya kupoa inafuata tofauti ya joto kati ya kitu na mahali kilipo. Chumba cha digrii 10 mjini London: tofauti ni 27. Usiku wa Februari hapa Mji Mkongwe, tuseme digrii 27: tofauti ni 10. Yaani mwili huohuo utapoa kwa kasi inayozidi kidogo theluthi ya ile ya London. Kosa la nusu digrii kwenye kipimajoto, ambalo kule lingekupoteza nusu saa, hapa litakupoteza saa moja na dakika ishirini hivi, mbele au nyuma. Na mchana, jua la saa nane likiwa limefikisha digrii 33, tofauti ni 4 tu. Hapo kipimajoto chako ni pambo.

Jaribu mwenyewe ukitaka. Jaza vikombe viwili maji yenye vuguvugu la mwili, kimoja kiache mezani, kingine kitie ndani ya friji, kisha rudi baada ya nusu saa utie kidole. Cha friji utahisi kimepoa. Cha mezani utajiuliza kama umekiweka sasa hivi.

Ongeza na hili: kwetu maiti huharakishwa kuzikwa, mara nyingi siku hiyohiyo. Ushahidi wa mwilini unakwenda na jeneza. Mpelelezi wa Unguja anabaki na walio hai, na saa zao. Bahati nzuri kisiwa hiki kina saa nzuri kuliko kipimajoto, nayo ni adhana. Mtu wa hapa hakwambii "saa kumi na mbili na dakika kumi". Anakwambia magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa lakini watu hawajatoka msikitini. Hiyo ni dakika chache tu za kukisia. Mpe Bwana Msa mashahidi watatu wa namna hiyo na bahari yenye bamvua na maji mafu yake, hana haja ya meza ya kemia.

Lakini kiini cha sayansi yake kiko kwingine, na hapa ndipo vitabu hivi vinapogusa maisha ya watu. Tazama majina: Mzimu wa Watu wa Kale. Kisima cha Giningi. Kila mtoto wa Unguja ameshatishwa na Giningi, huko wanakokutana wachawi. Mwandishi anakuwekea jibu tayari kwenye jalada: mzimu umeua, wachawi wamefanya kazi yao. Halafu Bwana Msa anakuja na kukataa jibu hilo kwa adabu. Hamtukani anayeamini. Anauliza tu: nani alikuwepo, nani alifaidika, mlango ulifungwa na nani? Mzimu haufutwi kwa hotuba, unafutwa kwa sababu baada ya kila kitu kuelezwa hauna kazi tena iliyobaki.

Kitabu kilikuwa madukani kwa miaka 35 ulipofika mwaka 1995. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kuelezwa. Popobawa alianzia Pemba, akavuka kuja Unguja, na watu wakalala nje makundi kwa makundi, wamewasha moto, wanaogopa vyumba vyao wenyewe. Wengi walieleza jambo moja: umelala, unashtuka, kuna kitu kimekukalia kifuani, unataka kupiga kelele sauti haitoki, mkono hauinuki.

Kiswahili kina jina la zamani la hali hiyo: jinamizi. Na ndiyo maelezo ambayo baadhi ya watafiti wameyatoa. Tunapoota, ubongo huzima misuli mikubwa ya mwili ili tusirushe ngumi zile tunazozirusha ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla swichi hiyo haijarudishwa. Macho yako wazi, chumba unakiona, ndoto bado imo, mwili haukutii. Pumzi inaonekana nzito kwa sababu huwezi kuivuta kwa nguvu upendavyo, na ubongo, ambao haupendi kitu kisicho na sababu, unakutafutia mtu wa kukukalia. Hali hii huzidi kwa mtu aliyekosa usingizi. Basi fikiria kisiwa kizima kinacholala vibaya, nje, kwa hofu. Inawezekana kabisa kwamba woga wenyewe ulikuwa unazaa jinamizi la usiku unaofuata.

Lingeishia hapo lingekuwa kisa cha kuchekea barazani. Halikuishia. Mwaka huohuo, hapa mjini, kundi la watu lilimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye Popobawa. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu anaposema riwaya za Bwana Msa ni za kupotezea wakati. Swali lake la "tumwondoe kwanza binadamu na maumbile, mzimu tutauzungumza baadaye" lingeulizwa na mtu mmoja tu katika kundi lile, pengine yule mgonjwa angerudi kwao.

Sisemi vitabu hivi havina kasoro. Mara nyingine mwandishi anatuficha kitu ambacho Bwana Msa amekiona, kisha anakitoa mwishoni mfukoni kama mchawi wa sarakasi, na hiyo ni dhulma kwa msomaji anayetaka kushindana naye. Pia undugu uliofichika unajitokeza mara nyingi mno kutatua fumbo. Kama hujaanza, anza na Mzimu wa Watu wa Kale, halafu nenda Kisima cha Giningi.

Abdulla alifariki mwaka 1991 na kiti chake, kwa maoni yangu, bado kiko wazi. Anayetaka kuandika mfululizo mpya, hiyo kesi ya bamvua pale juu nampa bure. Ila angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujaandika, kwa sababu ukikosea saa, kina mama wa mwani wa Jambiani watakijua kitabu chako kuwa cha uongo kabla polisi hawajatokea kwenye sura ya pili.