Risasi Ndogo Huenda Mbali

Ndugu wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama, somo letu la leo ni risasi ndogo iitwayo 22. Gawanya inchi moja sehemu 100. Upana wake ni kama sehemu 22. Kichwa chake chaweza kuwa na uzito wa gramu 2 na nusu tu. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na hapo ndipo pini ya bunduki hugonga.

Wengi huidharau, nao wamekosea. Hutoka mtutuni kwa mwendo ulio karibu na ule wa sauti. Bunduki iliyorekebishwa kwa hatua 50, ukilenga vivyo hivyo kwa hatua 100, risasi itapita chini ya shabaha kuliko upana wa kiganja. Lakini ukimkosa kanga aliye juu ya mti, risasi yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Je, huko nyuma ya mti kuna nani?

Ikiingia mwilini, yenye tundu kichwani hutanuka. Ya mviringo hupenya ndani zaidi.

Kwetu sisi hatari kubwa ni majabali na ziwa. Ikigusa jiwe au maji kwa mshazari, huruka tena, kama kijiwe bapa wanachorusha watoto ufukweni. Mvuvi mtumbwini hana pa kujificha. Kwa hiyo usipige kuelekea ziwani. Weka shabaha mbele ya ukuta mnene wa udongo usio na mawe.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: mtutu, ganda, fataki, jabali.