Ruzuku, Msamaha na Mkopo: Istilahi za Umeme wa Jua Majumbani

Katika tafsiri nyingi zihusuzo mitambo ya umeme wa jua, fedha za kumvutia mwananchi aufunge mtambo nyumbani kwake huitwa kwa neno moja tu, "msaada". Twaonelea kuwa ulegevu huo si wa mtindo peke yake, kwani waweza kumgharimu msomaji.

Tumchukue mkulima wa Kongwa auzaye mahindi yake katika soko la Kibaigwa. Jua analo la kutosha. Kiangazi cha huko huendelea tangu Mei hadi Novemba. Akisoma kwamba upo "msaada wa sola", atajuaje kama atapewa bure, atapunguziwa bei, au atakopeshwa?

Ruzuku ni fedha itolewayo na serikali au mfuko wa umma ili kupunguza bei, nayo hairejeshwi. Neno hili ni la ukoo mmoja na riziki, na mkulima hahitaji kufundishwa: alikwisha kulizoea katika vocha za pembejeo, na tena katika mbolea ya ruzuku iliyorejeshwa mwaka 2022. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, iliyounda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini, nayo inahusika na ruzuku. Lakini ruzuku hiyo hupewa mwendelezaji wa mradi. Mnunuzi huiona katika bei, si mkononi. Mfasiri asiandike "wananchi watapewa ruzuku" pale ambapo anayepewa ni mwingine.

Msamaha wa kodi ni jambo jingine. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014 iliziweka paneli za jua miongoni mwa bidhaa zilizosamehewa. Kwa kiwango cha 18%, bidhaa ya shilingi 600,000 ingeongezewa shilingi 108,000. Msamaha huiondoa nyongeza hiyo, basi. (Neno lenyewe lina kasoro, maana anayesamehewa amekosa nini? Hata hivyo limekwisha kukaa katika sheria, na si busara kuling'oa.) Lisichanganywe na "kiwango cha sifuri": muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai arudishiwe kodi aliyolipa katika manunuzi yake, na gharama hiyo huingia katika bei.

Nchini Marekani, kuanzia 2022 hadi mwisho wa 2025, mwenye nyumba aliweza kukata 30% ya gharama za mtambo katika kodi yake ya mapato. Hiyo si ruzuku wala msamaha. Twapendekeza "punguzo katika kodi ya mapato", ili ionekane mara moja kuwa asiyedaiwa kodi hiyo hapati kitu.

Linalotusumbua zaidi ni "lipa kadiri utumiavyo", tafsiri ya neno kwa neno inayopotosha. Msomaji atadhani kwamba akizima taa halipi. Kumbe katika mpango wa kawaida yeye hulipa kwa simu, kidogo kidogo, mpaka mtambo uwe wake, na akichelewa hufungiwa umeme. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo: ununuzi kwa awamu. Nao ni deni, kama ulivyo mkopo nafuu, ambao unafuu wake ni wa riba au muda tu. Popote istilahi hizi mbili zitumikapo katika tangazo, tarakimu ya jumla ya malipo yote, si ya awamu moja, iandikwe katika sentensi iyo hiyo.